Zimebaki Saa Tatu

Miaka kumi na tisa nimekuwa katibu wa tawi
hapa Langreo, ambako mvua ikinyesha
mto bado hukumbuka makaa.
Kura zetu tulizihesabu kwenye bati la biskuti.
Picha ya kasri juu ya kifuniko ilishafutika
kwa vidole vya watu waliokuwa na haraka ya kujua.

Alhamisi, saa mbili usiku, viti vya chuma,
mvinyo wa tufaha chini ya meza kinyume cha kanuni,
na Onofre akisimama kupinga koma.
Naam, koma. Dakika arobaini.
Tulimzomea, tukampigia mkewe aje amchukue,
na mwisho wa yote koma ikaondoka
na sentensi ikasema tulichokusudia.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa:
mkono ulioinuliwa una jina.
Ubaldo, aliyegawa vibarua vya manispaa,
alikaa safu ya nyuma kabisa,
haangalii jukwaa, anahesabu makwapa.
Tulijua. Nikaandika kwenye kumbukumbu:
"Kwa kauli moja."

Sasa kuna programu.
Tarakimu sita zinakuja kwa ujumbe,
unaziandika kabla hazijaoza,
na swali linatokea, limeshanyolewa, limeshavalishwa tai:
"Je, unaunga mkono mkataba utakaoleta utulivu?"
NDIYO ni ya kijani, pana kama kiganja.
HAPANA iko chini, kijivu,
mpaka uusukume ukurasa kwa kidole ndipo uione,
kama mgeni anayepapasa ukuta akitafuta swichi.

Nilitafuta mahali pa kuinua mkono.
Mkataba upi? Na nani? Ukurasa wa ngapi?
Utulivu wa nani?
Nilipewa nyota tano niipambe programu.

Matokeo yalifika kabla sijavua miwani.
Asilimia themanini na moja.
Makofi yalikuwa picha,
viganja viwili vya manjano vikigongana bila sauti.
Onofre akanipigia: "Nani hawa?
Nimo chamani tangu nina nywele. Nani hawa?"
Nikasema: wanachama.
Akakata simu.

Halafu, usiku wa manane, Etelvina.
Etelvina wa ghorofa ya tatu, ambaye jina lake
nimelihamisha daftari hadi daftari
bila kumwona Alhamisi hata moja,
maana mumewe ana vumbi la mgodi kifuani
na lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili.
"Nimepiga kura," alisema. "Nimemgeuza ubavu, nikapiga.
Nimepiga Hapana. Niliitafuta mpaka nikaipata.
Sijawahi kuulizwa kitu na mtu asiye daktari."

Nikabaki na simu sikioni.
Miaka kumi na tisa niliuita mkutano wetu
mlango ulio wazi.
Ngazi za kwake ni hamsini na nne.
Nilizihesabu kesho yake.

Basi leo Alhamisi tuko saba chumbani kwa Etelvina,
tumepanda na viti vya chuma mgongoni kama konokono.
Swali jipya limetoka Madrid, fupi kuliko la kwanza.
Mgonjwa anapumua kama mtu anayekokota kreti sakafuni.
Simu saba zimelala ndani ya bati,
na moja inamweka: zimebaki saa tatu.

Sijui kama itafaa kitu.
Watu laki mbili wanabonyeza huku sisi tunabishana.
Ubaldo hayupo; au yupo,
safu ya nyuma zaidi ya ile ya zamani,
anahesabu kitu tusichokiona.

Onofre ameinua mkono. Mazoea tu,
hakuna mwenyekiti wa kumpa nafasi.
Etelvina anaweka chini bakuli la supu,
anafuta kidevu cha mumewe,
anageuka.
"Sema."

"Kuna neno hapa," anasema Onofre,
"kwenye mstari wa pili."